Sura ya Tano: Kitabu cha Kaunta

Halmashauri ya Mji wa Makambako, kama ilivyo ya Korogwe, Babati au Masasi, ina mkurugenzi wake, madiwani wake, soko lake na gari lake la taka. Polisi haina. Konstebo anayezunguka stendi usiku wa manane aliandikishwa na serikali kuu, akapikwa katika Shule ya Polisi Moshi, mshahara wake unatoka Hazina, na kesho akipata uhamisho wa kwenda Kigoma hakuna diwani wa kumzuia. Mkuu wake wa juu kabisa ni Inspekta Jenerali, ambaye huteuliwa na Rais. Julai 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Camillus Wambura kushika nafasi hiyo, na hakuna mkazi wa mji wowote aliyeulizwa, wala hakutakiwa kuulizwa.

Marekani mambo ni kinyume. Huko vyombo vya polisi ni karibu 18,000, na karibu nusu ya idara za polisi za miji zina askari wasiozidi 10. Mji wa watu elfu nne unaajiri mkuu wake wa polisi kama unavyoajiri mhandisi wa maji, unamlipa kwa kodi za wakazi, na viongozi wa mji wakichoka naye wanaachana naye. Mkazi mwenye dukuduku anakwenda kwenye kikao cha baraza la mji, anasimama, anasema mbele ya watu wenye mamlaka ya bajeti hiyo. Sisi hatuna kikao hicho.

Mfumo wetu ulianza hivyo tangu siku ya kwanza. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, na baadaye yakahamia Dar es Salaam. Lilikuwa jeshi la mtawala mgeni, la kulinda utawala wake, na jeshi la namna hiyo haliachwi mikononi mwa wenyeji. Uhuru ukaja, Tanganyika na Zanzibar zikaungana mwaka 1964, polisi wakawa wa Muungano mzima, lakini amri ziliendelea kushuka kutoka juu. Sisemi kwamba lote hili ni baya. Askari asiye na shemeji mtaani ana nafuu anapotakiwa kumkamata mtoto wa mwenye mji, na mji maskini unalindwa kwa bajeti ya taifa badala ya kutegemea ushuru wa nyanya. Ila gharama yake ni hii: mwananchi hana kura juu ya mkuu wa polisi wa wilaya yake. Alichonacho ni maandishi. Nguvu yake yote pale kituoni imo katika kile kilichoandikwa, nani alikiandika, na namba iliyowekwa juu yake. Ndiyo maana naieleza polisi ya mji mdogo kwa kuanzia kwenye vitabu vyake kabla ya bunduki zake.

Kwanza tujue nani ni nani. Mkoani yuko RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na pembeni yake RCO anayesimamia upelelezi. Wilayani yuko OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Mipaka ya kipolisi si lazima ifuate ramani ya utawala: Tarime na Rorya zimo ndani ya Mkoa wa Mara lakini kipolisi ni mkoa unaojitegemea, na Rufiji nayo ilifanywa mkoa wa kipolisi baada ya mauaji ya eneo la Kibiti. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkazi wa mkoa mmoja kwenye kitambulisho na kesi yake ikasimamiwa na kamanda mwingine kabisa.

OCD ndiye uso wa polisi mjini, na huyo huyo ni mjumbe wa kamati ya usalama ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Hapa pana jambo ambalo wengi huligundua siku likiwakuta: sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48 pale anapoona amani iko hatarini. Agizo linatoka kwa mwanasiasa, mlango wa mahabusu unafungwa na polisi. Binafsi naona ni mamlaka yaliyopitwa na wakati, na wakuu wa wilaya wameonywa hadharani zaidi ya mara moja kwa kuyatumia kumaliza ubishi wa mikutanoni.

Chini ya OCD kuna OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye watu wake huvaa kiraia. Kuna mkuu wa usalama barabarani. Na kuna OCS, mkuu wa kituo, ambaye kwa mwananchi wa kawaida ni muhimu kuliko wote hao. Yeye ndiye mwenye jengo, mwenye mahabusu, mwenye zamu, mwenye vitabu. Askari wake wengi ni wale wa kazi za jumla, wenyewe wanajiita GD: doria, lindo, kaunta, kusindikiza mahabusu mahakamani. Vyeo vyao vinasomeka kwenye nguo. Mkono mtupu ni konstebo, V mbili ni koplo, V tatu ni sajini, na ukiona nyota begani unaongea na mkaguzi au aliye juu yake. Neno "afande" linawafaa wote, kwa hiyo usiogope kukosea. Lakini jina na namba ya askari uliyeongea naye viandike mahali.

Sasa tuingie ndani.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa stendi. Saa kumi na moja alfajiri anafika bandani kwake anakuta kufuli limekatwa. Mtungi wa gesi na sufuria mbili kubwa hazipo. Anakwenda kituoni kwa miguu, kanga begani, hasira imemkaba kooni. Kaunta ni ile meza ya kudumu inayofika kifuani, na nyuma yake amesimama askari wa zamu, kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afande, nimeibiwa."

"Pole sana. Umeibiwa nini, na mara ya mwisho uliviona saa ngapi?"

"Jana saa tatu usiku nilifunga mwenyewe. Mtungi, sufuria mbili, na jiko lenyewe wameling'oa."

"Kuna mtu unamshuku?"

"Mimi sitaki kumsingizia mtu."

"Sijasema umsingizie, mama. Nauliza ulimwona nani pale ulipokuwa unafunga."

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia katika hukumu nyingi kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, katika nafasi ya kwanza aliyoipata, anaaminika zaidi kuliko yule aliyemtaja baada ya wiki. Kesi nyingi za unyang'anyi wa usiku zimeanguka hapo hapo. Mlalamikaji anasimama kizimbani anasema alimtambua mwizi kwa sauti na kwa sura, wakili wa utetezi anaomba maelezo yake ya kwanza polisi, jina halimo. Kwa hiyo kama umemwona mtu na unamfahamu, litaje jina lake siku ile ile kaunta. Kama unamshuku tu, sema unamshuku na useme kwa nini. Na kama hujui, sema hujui. Vyote vitatu vina faida yake, ila vikichanganywa vinaharibu kesi.

Askari anaandika. Kitabu cha taarifa kina namba, tarehe, saa, jina la aliyeleta habari, na habari yenyewe kwa ufupi. Ikimalizika, mama anapewa kikaratasi chenye herufi za kifupi cha kituo, kisha RB, kisha namba, kisha mwaka. Watu wengi wanakikunja na kukitia kwenye pochi bila kukiangalia. Kiangalie. Kuanzia hapo wewe si "yule mama wa stendi" tena. Wewe ni namba ile, na mtu yeyote atakayekuja kuulizia suala lako, awe mwanao, wakili wako au RPC mwenyewe, ataanza nayo. Wenzetu wa Kenya wana kitu kile kile kwa jina la OB, na wao wanajua kabisa kwamba bila namba ya OB hujaripoti chochote. Hapa kwetu bado kuna watu wanatoka kituoni wakiwa na ahadi tu: "Nenda mama, tutashughulikia." Ahadi haina ukurasa.

RB hailipiwi. Hakuna hela ya karatasi, hakuna hela ya kalamu. Mtu aliyepoteza kadi ya benki au cheti anaweza siku hizi kuomba taarifa ya upotevu kwa mtandao na kulipia ada ya serikali kwa namba ya malipo, lakini hilo ni jambo jingine; kutoa taarifa ya jinai ni bure.

Kaunta ina vitabu vingine pia. Kuna cha mahabusu, kinachoonyesha nani ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi na kwa amri ya nani. Kuna cha vielelezo. Kuna cha silaha, kwamba bunduki namba fulani imetoka ghalani na risasi kadhaa, na imerudi na ngapi. Mkaguzi akija kukagua kituo, anaanza na kufungua vitabu hivyo, kwa sababu askari anaweza kusahau na OCS anaweza kuhamishwa, lakini mstari ulioandikwa saa 5:40 usiku wa siku fulani unabaki pale.

Turudi kwa mama lishe wetu. Taarifa yake ikionekana ni jinai, inafunguliwa jalada na kupewa namba nyingine, ya IR, na OC-CID anamkabidhi mpelelezi. Mpelelezi anamwita aandikishe maelezo. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Maelezo yakishaandikwa unatakiwa usomewe au uyasome mwenyewe, urekebishe palipokosewa, ndipo utie sahihi kila ukurasa. Ukitia sahihi kwa sababu una watoto wa kuwapeleka shule, utakutana na kurasa hizo mahakamani miezi minane baadaye, na huwezi kuzikana.

Mtungi wa gesi wa mama huyu unafanana na mitungi yote ya rangi ile mjini. Kabla hajaonyeshwa mitungi iliyokamatwa, anatakiwa aseme wake una alama gani. "Una doa la rangi ya bluu chini ya valvu, na mpini wake umepinda upande mmoja, ulianguka kwenye bodaboda mwaka juzi." Maneno hayo yakiwa yameandikwa kabla, halafu mtungi ukakutwa hivyo hivyo, mwizi ana kazi ngumu. Yakisemwa baada ya kuonyeshwa mtungi, hayana maana yoyote. Hata mimi ningeweza kuyasema.

Na mtungi ukikutwa nyumbani kwa mtu, upekuzi una taratibu zake: awepo shahidi huru, aghalabu mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, na ijazwe hati ya kukamata mali ambayo mwenye nyumba na shahidi wote wanaitia sahihi. Kutoka hapo mpaka mahakamani lazima ijulikane kila mkono ulioshika kielelezo kile, nani alimkabidhi nani, kilikaa stoo ipi, nani alikitoa. Watu waliokutwa na dawa za kulevya au pembe za ndovu wameachiwa huru na Mahakama ya Rufani kwa sababu mnyororo huo ulikatika katikati na hakuna aliyeweza kueleza kielelezo kilikuwa wapi kwa siku kadhaa. Mtaani tunasema polisi wamehongwa. Mara nyingine kweli. Mara nyingi zaidi kuliko tunavyodhani, mtu alisahau kuandika.

Zamani mpelelezi na mwendesha mashtaka walivaa sare moja. Inspekta aliyepeleleza angeweza kuwa rafiki wa chumbani wa inspekta anayeendesha kesi. Sheria ya mwaka 2008 ya huduma za mashtaka ilianza kuondoa hilo, na tangu mwaka 2018 kuna Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inayojitegemea chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Jalada sasa linatoka polisi linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Anaweza kulipeleka mahakamani, anaweza kulirudisha na maelekezo ya mambo ya kukamilisha, anaweza kulifunga. Kwa hiyo unapoambiwa "faili liko kwa wakili wa serikali," jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu, na ofisi hiyo nayo ina mlango. Nenda ukaulize kwa namba yako.

Suala la majeruhi lina njia yake. Aliyepigwa, aliyechomwa kisu, aliyebakwa au aliyegongwa na gari huchukua fomu ya PF3 kituoni, daktari huijaza baada ya kumpima, nayo hurudi polisi kama ushahidi. Wakenya wana P3. Fomu hii haiuzwi. Na mtu anayevuja damu hatakiwi kupelekwa kituoni kwanza akaketi benchi. Anatibiwa, na fomu inafuata. Serikali imewakumbusha watumishi wa hospitali jambo hilo mara kadhaa, na bado kuna mapokezi ambako swali la kwanza kwa mtu anayezimia ni "PF3 iko wapi?"

Kwa ukatili wa kijinsia, jeshi lilianzisha dawati la jinsia na watoto, wazo lililosukumwa na mtandao wa polisi wanawake ulioundwa mwaka 2007. Madawati sasa yapo zaidi ya 400 nchini. Katika mji mdogo dawati linaweza kuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, pazia na mwanasesere wa mtoto wa kuchezea juu ya kabati, lakini tofauti yake na kaunta ni kubwa. Kaunta unaongea huku mwenye kesi ya kuku amesimama nyuma yako anasikiliza. Dawatini mlango unafungwa, na anayekusikiliza amefundishwa kutouliza ulikuwa umevaa nini. Penye hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana jengo moja, mwathirika hasimulii mkasa wake mara nne kwa watu wanne.

Aliyebakwa asioge na asifue nguo kabla ya kupimwa, na afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Akichelewa, asikate tamaa ya kuripoti. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka unatoka kwa mwathirika mwenyewe. PF3 inasaidia, lakini kukosekana kwake hakufuti kosa. Kinachozika kesi hizi, na kila askari wa dawati atakwambia hivyo, ni vikao vya ukoo. Mbuzi wawili wanatolewa, shahidi anahamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine, na jalada linakaa kabatini likisubiri mtu ambaye hatakuja.

Tugeuze upande. Huenda anayeingia kituoni si mlalamikaji, ni wewe, na mikono iko nyuma. Una haki ya kuambiwa umekamatwa kwa kosa gani. Una haki ya kuwajulisha ndugu na kuwa na wakili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na zikihitajika zaidi kuna utaratibu wa kuziongeza. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila kuongezwa yametupwa na mahakama mara nyingi sana, hata kwenye kesi za mauaji. Ndani ya saa 24 unatakiwa ufikishwe mahakamani au upewe dhamana, isipokuwa makosa yale mazito yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha.

Dhamana ya polisi haina malipo. Mdhamini anakuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, anasaini kwamba asipokuleta atawajibika kwa kiasi fulani. Kiasi hicho ni ahadi iliyo kwenye karatasi. Hakitoki mfukoni siku hiyo. Ijumaa jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote za kukamatwa mjini, kwa sababu mahakama imefungwa na baadhi ya watu wanajua kwamba ndugu wenye hofu ya siku mbili za mahabusu huwa hawaulizi risiti. Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti Julai 2023, ilitembea nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya namna hii, na ikapendekeza jeshi lisukwe upya. Wanaosubiri kuona mapendekezo hayo yakifika kaunta ya mji wao ni wengi, nami ni mmoja wao.

Kuna kazi moja ambayo si ya polisi na inavijaza vituo kuliko wizi: madeni. Mtu amemkopesha jirani laki tatu, jirani hajalipa, anakimbilia kituoni "wamtishe kidogo." Deni la kawaida ni madai, na njia yake ni Mahakama ya Mwanzo. Askari akikubali kulikusanya, amegeuka dalali mwenye pingu, na mara nyingi na yeye atataka fungu lake. Ukipigiwa simu ufike kituoni kwa ajili ya deni la kikoba, nenda kwa heshima, uliza kosa la jinai ni lipi, na uliza namba ya RB. Ukiona wanatazamana, umeshajua.

Barabarani sina mengi. Trafiki huvaa nyeupe, faini ya makosa mengi ni shilingi 30,000, na inalipwa kwa namba ya malipo. Kinacholipwa bila namba hiyo kina jina lingine, na mpokeaji na mtoaji wote wanalijua.

Mji mdogo hauwezi kulindwa na askari waliopo. Wagawanye kwa zamu, toa waliopo likizo, toa waliokwenda mahakamani, toa wanaolinda benki, na usiku unabaki na gari moja la doria, kama lina mafuta. Watu wa Usukumani na Unyamwezini walilijua hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga na Tabora, walijiundia sungusungu, na wakafanikiwa kiasi cha kuitisha serikali. Mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi katika sheria, jambo lililowatambua na kuwabana kwa pamoja, maana mbio za usiku zilikuwa zimeshaua wasio na hatia. Mwaka 2006 Inspekta Jenerali Said Mwema alipoingia, alileta polisi jamii, na ulinzi shirikishi ukasambaa mijini: vijana wa mtaa wenye filimbi na tochi, wanaolipwa kwa michango ya kaya. Siku hizi kata nazo zinapangiwa mkaguzi wa polisi wake, mtu anayetakiwa kumjua mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, imamu na mchungaji kwa majina.

Wazo la polisi kata ni zuri kuliko yote niliyoyataja, na ndilo linaloharibika upesi zaidi. Mkaguzi mzuri akikaa kata moja miaka mitatu anajua nyumba ya gongo, anajua kijana aliyetoka jela na anatafuta kazi, anajua ndoa ipi italipuka kabla ya sikukuu. Akihamishwa baada ya miezi sita, mrithi wake anaanza na kuuliza njia ya kwenda shuleni. Na kama hana hata pikipiki, kata ya vitongoji vinane anaijua kwa simu tu. Wananchi wametoa matofali na nguvu kazi kujenga vituo vya kata sehemu nyingi. Wana haki ya kuuliza, kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, mkaguzi wao ni nani, anapatikana siku gani, na namba yake ya simu ni ipi. Mkutano huo wa hadhara, ukimwalika na akaja, ndicho kitu kinachokaribia zaidi lile baraza la mji la Marekani.

Na ukitendewa isivyo, panda ngazi kwa maandishi. Anza na OCS. Wengi hawajui kwamba ana ofisi na kwamba mlango wake uko wazi kwa mlalamikaji. Halafu OCD. Halafu RPC. Andika tarehe, saa, namba yako ya RB, jina au namba ya askari, na kilichotokea. Matusi yaache nyumbani, yanapunguza uzito wa barua. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mambo ya haki za binadamu yapeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wenzetu wa Kenya tangu mwaka 2011 wana mamlaka ya kiraia yenye kazi moja tu ya kuwachunguza polisi, IPOA. Sisi bado hatuna chombo cha namna hiyo, na tunakihitaji.

Kwa dharura piga 112. Ukiombwa pesa ya RB, ya PF3 au ya dhamana, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113; simu hiyo hailipiwi.